Maganda ya kahawa ndani ya firigisi: kisa cha vifaranga mia mbili wa Bombo

Kifaranga wa kwanza niliyempasua asubuhi ile alikuwa na umri wa siku sita, na firigisi yake ilikuwa imejaa ndi. Kwa kumpapasa tu ungesema ameshiba. Nilipoifungua sikukuta unga wa mahindi wala chembe ya soya. Nilikuta maganda ya kahawa, yaleyale yaliyotandazwa sakafuni mwa bruda, sehemu yenye moto ya kulelea vifaranga. Wa pili alikuwa hivyohivyo. Wa tatu alikuwa na maganda yaliyochanganyika na unga kidogo, na tumboni mwake bado kulikuwa na kifuko cha kiini cha yai, kikubwa kama punje ya maharage, wakati kwa umri ule kilipaswa kiwe kimenywea na kubaki kitu kidogo kabisa.

Hajati, mwenye kuku hao, alikuwa amesimama nyuma yangu, mtandio umemfunika mdomo kwa sababu ya vumbi. "Dokta," aliniuliza, "hawa watoto wanakula sakafu, na chakula si kipo pale?"

Kisa kizima kimo katika swali hilo. Naliandika kwa sababu jibu lake halikuwa ugonjwa, na lilianzia kwenye jambo ambalo kijana mwenye akili alilisoma vizuri, ila kwa mwili usio wa kuku.

Bombo ni mji ulio kando ya barabara iendayo Gulu, wilaya ya Luweero, kama kilomita 35 kaskazini mwa Kampala. Wanubi wameishi hapo vizazi kadhaa, kambi ya jeshi ipo, na Kiswahili kinasikika sokoni, msikitini na mlangoni mwa kila duka. Hajati anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yake, mia mbili kwa kila kundi. Makundi matatu ya mwanzo yalimwendea vizuri. Hili lilikuwa la nne, na wakati wa kulipokea mjukuu wake, anayesomea uuguzi Kampala, alikuwa nyumbani kwa likizo.

Kijana huyo alikuwa ametoka kusoma juu ya grelini, homoni inayotolewa zaidi na tumbo, ambayo kwa binadamu hupanda mtu akiwa na njaa na kumsukuma ale. Wajapani ndio walioitambua kwanza, mwaka 1999, katika tumbo la panya. Darasani huitwa homoni ya njaa, na kwa binadamu jina hilo halijakosea sana. Akapiga hesabu yake: tukiwanyima vifaranga chakula kwa muda, grelini itapanda, ikipanda, watakapowekewa chakula watakula kwa nguvu, wakila kwa nguvu wiki ya kwanza, watakua upesi. Akamwambia nyanya yake awape maji ya glukosi tu tangu wafike Jumatatu alasiri hadi Jumanne alasiri. Hajati alisita, kwa maana makundi ya nyuma alikuwa akiweka maji na chakula saa ileile, lakini mjukuu amesoma. Akakubali.

Sitaki mtu amcheke kijana huyu. Hatua zake zinafuatana vizuri. Ni mnyama aliyemfikiria ndiye aliyekuwa mwingine.

Nilipofika Jumapili, kumi na saba walikuwa wamekufa. Nilianza na mambo ya kawaida, kwani mtu akikimbilia homoni kabla ya kutazama moto wa bruda atawapoteza kuku wa watu. Sigiri mbili zilikuwa zikiwaka, na vifaranga walikuwa wametawanyika, hawakurundikana chini ya joto wala hawakujibana ukutani. Kipimajoto kilichoning'inizwa kimo cha migongo yao kilisoma nyuzi 32, ambazo kwa mwisho wa wiki ya kwanza zinafaa. Vitovu vilikuwa vimekauka, bila uvimbe na bila harufu. Kile kifuko cha kiini hakikuwa na usaha, kilikuwa hakijatumika tu. Kinyesi hakikuwa na damu, na hata hivyo koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, huwa haijajitokeza katika umri huo. Gumboro nayo, ugonjwa wa virusi, kwa kawaida husumbua kuanzia wiki ya tatu. Chakula hakikuwa na uvundo wa ukungu, na gunia la aina hiyohiyo lilikuwa likiliwa bila shida na kuku wa jirani.

Ndipo nikaomba mizani ya jikoni. Tulipima vifaranga ishirini bila kuchagua. Mdogo kabisa alikuwa na gramu 71, mkubwa gramu 168. Kifaranga wa nyama huanguliwa na gramu kama 40, na akitunzwa vizuri hufika siku ya saba akiwa na uzito wa mara nne au zaidi. Kwa hiyo wachache walikuwa karibu na njia yao, wengi walikuwa nyuma, na baadhi ni kama hawakuwa wameanza kukua. Tofauti hiyo ndiyo iliyonishughulisha kuliko vifo vyenyewe. Maradhi ya kuambukiza yangewavuta wengi pamoja. Kundi lililogawanyika hivi mara nyingi linakuambia kwamba wengine walikula mapema na wengine hawakula.

Nikamwomba Hajati anisimulie tangu saa maboksi yalipoteremshwa kwenye bodaboda. Hapo ndipo habari ya glukosi ikatoka, kwa sauti ya chini, na mjukuu akaiongezea mwenyewe bila kuficha kitu.

Hesabu yake ya saa ishirini na nne ilikuwa imeacha saa nyingi nje. Mayai hayaanguliwi kwa pamoja. Ndani ya mashine moja, kifaranga wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima au zaidi, na wote hutolewa pamoja. Kisha wanachaguliwa, wanachanjwa, wanatiwa maboksini, wanasafiri. Waliofika Bombo Jumatatu, baadhi yao walikuwa hawajaonja kitu kwa siku moja na nusu. Ukiongeza siku ya glukosi, hao walikaribia saa sitini. Waliochelewa kuanguliwa walifunga kwa muda mfupi zaidi. Naamini ule mgawanyiko tuliouona kwenye mizani ulianzia hapo.

Tugeukie tumbo lenyewe, maana kijana aliniuliza swali zuri: "Dokta, lakini grelini ilipanda au haikupanda?"

Ilipanda, kwa kila dalili. Kuku akifunga, grelini katika damu yake huongezeka kama ilivyo kwa binadamu. Kuku ana grelini yake, ambayo Wajapani waliieleza mwaka 2002. Inatengenezwa hasa katika tumbo la tezi, lile tumbo dogo lililo juu ya firigisi. Ila kazi yake kwa upande wa ulaji imegeuka. Grelini ikiingizwa katika ubongo wa kifaranga, kifaranga hali zaidi. Ulaji wake hupungua. Jambo hilo limejaribiwa tena na tena tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Kinachomsukuma kifaranga ale ni ishara nyingine, miongoni mwazo nyuropeptidi Y ya ubongoni. Kwa hiyo kijana alikuwa amepandisha homoni aliyoikusudia, ikamkuta mnyama ambaye kwake homoni hiyo si mlio wa kuitwa mezani.

Nilimwona akiinamisha kichwa. Nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi shuleni nilifundishwa ya binadamu na panya kwanza. Kuku nilimjua baadaye."

Hata hivyo sikutaka aondoke na wazo kwamba grelini iliyogeuka ndiyo iliyowaua vifaranga kumi na saba. Kilichowadhuru zaidi ni umri wao walipofungishwa. Siku za kwanza za kifaranga ni siku za kujenga utumbo. Utumbo mwembamba hukua haraka kuliko mwili wote, hata uzito wake ukilinganishwa na wa mwili hufikia kilele karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyonyonya chakula hurefuka kwa kasi. Sehemu ya mwanzo ya utumbo hufika mahali pa kutulia karibu siku ya saba, na sehemu za chini huendelea mpaka kama wiki ya pili. Ujenzi huo unataka chakula kipite. Chakula kinachogusa ukuta wa utumbo ndicho kinachoziamsha seli zilizotawanyika ukutani humo, kila moja na homoni yake: kolesistokinini inayoamsha kongosho na nyongo na kupeleka habari ya kushiba, GLP-1 inayotoka zaidi sehemu za chini za utumbo na kuitikia protini inayomeng'enywa, na nyinginezo. Glukosi ndani ya maji ina nguvu kidogo, lakini haina protini wala mafuta, na haina kitu kigumu cha kuisukuma firigisi ifanye kazi. Seli hizo zilipata habari ndogo mno ya kupeleka.

Na kile kifuko cha kiini? Watu wengi huku kwetu husema kifaranga anaweza kukaa siku tatu bila kula kwa kuwa amebeba chakula chake tumboni. Ni kweli kwamba hafi kwa muda huo, na ndiyo sababu vifaranga wanaweza kusafirishwa. Lakini kifaranga anayekula mapema hukitumia kiini haraka kuliko anayefunga, kwa kuwa utumbo unaofanya kazi husaidia kukivuta kiini ndani. Kifuko nilichokiona siku ya sita kilikuwa ushahidi wa utumbo uliochelewa kuamka.

Nikarudi kwenye swali la Hajati. Chakula kilipowekwa Jumanne alasiri, kiliwekwa katika sahani nne kwa vifaranga mia mbili. Waliokuwa na nguvu walizikalia. Wanyonge walidonoa kilichokuwa miguuni mwao. Kifaranga hazaliwi akijua kipi ni chakula. Hudonoa, na mwili humfundisha baadaye kwa alichopata. Maganda ya kahawa ni mepesi, yana rangi, yanatikisika. Yakijaa kwenye firigisi yanaitanua, na firigisi iliyotanuka hutoa dalili ya kujaa hata kama ndani yake hamna lishe. Hao watoto walikuwa wameshiba maganda.

Tuliyofanya Jumapili hiyo yalikuwa ya haraka. Tulitandika magazeti juu ya maganda, nusu nzima ya bruda, na kumwaga chakula juu yake kidogokidogo, mara sita kwa siku, ili mlio wa vidomo juu ya karatasi uwaite na wengine. Wadogo tuliwatenga kwa kipande cha mabati wakapata sahani zao na sigiri yao. Na Hajati nilimfundisha kupapasa gole, ule mfuko wa chini ya shingo. Usiku, masaa mawili baada ya kulisha, unamshika kifaranga na kuligusa kwa vidole viwili: likiwa laini kama uji mzito, amekula na amekunywa, likiwa gumu, amekula bila maji, likiwa limejaa maji matupu, hajakula, likiwa tupu, mtazame kwa haraka. Kwa kundi jipya, siku moja baada ya kufika, karibu wote wawe na gole lililojaa. Hajati ana vidole vyepesi. Siku ya pili alikuwa akimwonyesha mjukuu.

Wengi walisimama. Wadogo tisa zaidi walikufa kabla ya siku ya kumi, na baada ya hapo vifo vikakoma. Ila pengo la uzito halikuzibika lote. Kuku aliyekosa siku zile hulipa sehemu ya deni, na kundi hubaki lenye vimo vingi, jambo linalomuumiza mfugaji siku mnunuzi akija kuchagua.

Ningeishia hapo kama Hajati asingenipigia simu tena wiki ya tano. Jua lilikuwa kali, na jirani alikuwa amemshauri aondoe chakula kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, ili kuku wasichemke kwa joto la kumeng'enya. Ushauri huo hutumika sehemu nyingi zenye joto, na una msingi. Aliufuata, hakuna kuku aliyedhurika. Swali lake lilikuwa moja kwa moja: "Wakiwa wadogo tuliwanyima, wakafa. Sasa nimewanyima, wanazidi kunenepa. Dokta, tumbo ni lilelile?"

Si lilelile, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kuku wa wiki tano ana utumbo uliokwisha kujengwa. Ana akiba ya mafuta na ini lenye uwezo. Zaidi ya hayo, ana gole analoweza kulitumia kama ghala. Kuku wa nyama aliyezoea chakula mbele yake muda wote hulitumia gole kidogo sana. Chakula hupita moja kwa moja. Akianza kulishwa kwa vipindi, ndani ya siku chache hujifunza kula kabla ya kipindi cha kunyimwa na kulijaza gole, kisha hulipunguza polepole kwenda chini. Kifaranga wa siku mbili hana mazoea hayo, hana pa kuweka na hana cha kuweka.

Na ishara zenyewe hubadilika kadiri kuku anavyokua. Grelini haifanyi kazi ubongoni tu. Hukaza misuli ya njia ya chakula, na kwa kuku kazi hiyo huonekana vizuri sana kwenye gole. Homoni ndugu yake, motilini, hufanya kazi inayofanana nayo. Vipande vya gole na vya tumbo la tezi vilivyochukuliwa kwa kuku wa umri tofauti na kuguswa kwa grelini vimeonyesha kwamba mkazo unapungua kadiri kuku anavyokua, pamoja na vipokezi vya grelini, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni, katika misuli hiyo. Hii haina maana gole la kuku mkubwa limelegea, kwa sababu neva nazo zinaliendesha. Maana yake ni kwamba homoni ileile, kwa kiasi kilekile, inasikika kwa nguvu katika tumbo la kifaranga na kwa sauti ndogo katika tumbo la kuku mkubwa. Anayepima homoni bila kuandika umri wa kuku amepata nusu ya habari.

Kuna na jambo la ukoo. Kuku wa nyama tunayemfuga amechaguliwa kwa vizazi vingi ili ale bila kuchoka. Mwaka 2013 watafiti wa Roslin Institute, karibu na Edinburgh huko Uskoti, walionyesha kwamba aina ya jeni inayoambatana na ukuaji mkubwa huzalisha vipokezi vichache vya kolesistokinini, ile homoni ya kushiba. Kuku kama huyo huambiwa "basi" kwa sauti hafifu. Ndiyo maana chakula kikirudishwa saa kumi jioni Hajati aliwaona wakikimbilia vyombo na kula mpaka gole likaning'inia. Wawili kati yao niliwakuta asubuhi iliyofuata gole bado limejaa na limekuwa gumu. Wote wawili walikuwa wakilala mbali na maji, na chombo cha upande wao kilikuwa kikavu tangu usiku. Nikamwambia asirudishe chakula kwa mkupuo: aweke robo kwanza, maji yakiwa yamejaa pande zote mbili za banda, kisha kingine baada ya nusu saa. Magole ya wale wawili tuliyakanda kwa maji ya uvuguvugu. Mmoja alifunguka siku hiyohiyo, wa pili Hajati alimchinja akiwa bado mzima wa mwili.

Mjukuu alikuwa amerudi chuoni, lakini alinitumia ujumbe wa sauti. Aliuliza kama kuna namna ya kupima grelini ya kuku pale Bombo. Nilimweleza kwamba damu inatakiwa ikae baridi tangu inapotoka mshipani, itenganishwe haraka, na ipelekwe kwenye maabara yenye vifaa vya kazi hiyo, maana grelini hai huharibika upesi. Kwa banda la kuku mia mbili haina faida. Nikamwomba kitu kingine. Kundi la tano likija, aandike saa vifaranga walipotolewa mashineni, akiulizia kwa wauzaji kabla hata boksi halijafungwa, saa waliposhuka Bombo, na saa chakula cha kwanza kilipogusa karatasi. Kisha nyanya yake apapase magole ishirini usiku wa kwanza na ishirini asubuhi ya pili, na apime ishirini siku ya saba.

Daftari lilikuja kwangu wiki iliyopita, maandishi ya Hajati, kalamu ya bluu. Kutoka mashineni hadi karatasini: saa kumi na tisa. Magole asubuhi ya pili: kumi na tisa laini, moja tupu. Siku ya saba: mdogo gramu 139, mkubwa gramu 182. Sahani zilikuwa kumi safari hii, na magazeti yalifunika maganda yote, kwa hiyo siwezi kuupa muda peke yake sifa yote. Pembeni mwa ile moja tupu ameandika: "Huyu nilimweka mkononi, nikamlisha kwa kidole. Yuko."